Kisanduku cha Dole Gumba

Makole, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati.
Mimi ni karani. Sisaini kitu.
Kazi yangu ni kuhesabu nakala, nne, zote halisi,
picha za pasipoti, masikio yaonekane,
risiti ya kodi ya ardhi isiyodaiwa hata senti,
na kuhakikisha wino ni ule ule,
maana tumewahi kurudishiwa faili zima
kwa saini moja ya kijani.

Hati ya uhamisho haina haraka.
Inataka muuzaji asaini mbele ya wakili,
si nyumbani, si juu ya boneti ya gari.
Inataka wakili awe anamjua mtu huyo,
au atambulishwe na anayemjua.
Inataka tarehe ya leo, si ya juzi,
na mhuri ukanyage ukingo wa saini
kama kwato kwenye tope.

Alikuja Ezekia Mhembano wa Iyumbu
na koti lililoshonewa mtu mwingine.
Ekari mbili na nusu, zamani zabibu,
sasa vigingi vya zege vyenye namba.
Alisaini kila nilipoweka alama ya penseli,
taratibu, ulimi nje kidogo.
Mnunuzi akaangalia saa.

Ikabaki ridhaa ya mwenza.

Bi Perisi alikuwa kwenye benchi la mlangoni,
viatu amevivua, amevipanga.
Nikalishika dole gumba lake, nikalikandamiza kwenye wino,
nakiri, kabla ya kusoma. Ilikuwa Ijumaa, saa nane na nusu.
Wakili Nsemwa akakohoa:
"Msomee kwanza."

Asiyejua kusoma husomewa
kwa lugha anayoielewa,
na msomaji huandika kwamba ameonekana kuelewa.
Basi nikasoma kwa Kigogo cha bibi yangu,
Kigogo cha jikoni, ambacho hakijawahi kuuza kitu.
Mipaka, nilipata neno.
Deni, nilipata maneno matatu.
Nilipofika kwenye ridhaa nikakwama,
nikaizunguka kama kichuguu kilichoota katikati ya njia:
kukubali, mama, bila kusukumwa.

Akalitazama gumba lake, jeusi, bado liko hewani.
"Na aliyesukumwa zamani, akazoea,
huyo mna ukurasa wake?"

Mnunuzi alicheka peke yake.

"Jina langu liko wapi humu?"
Nikamwonyesha. Ukurasa wa tisa, mstari wa tatu.
"Na kwenye zile za mwanzo, za kupewa shamba?"
Nikafunua hati. Nikafunua barua ya kijiji,
risiti ya mpima, mchoro uliokunjwa mara sita
ukachanika kwenye mikunjo.
Ezekia. Ezekia. Ezekia, na hapa wamekosea, Ezekiel.

"Kumbe nimeitwa kuaga
mahali ambapo hamkuandika kwamba nilifika."

"Mama Yeremia," mzee akanong'ona,
"milioni nne tumeshakula."

"Mmekula. Mimi nilipika."

Hakupaza sauti. Alivaa kiatu cha kulia, kisha cha kushoto,
kazi ngumu kwa mkono mmoja,
akatushukuru kwa kusomewa
(hakuna aliyewahi kutushukuru kwa hilo)
akashuka ngazi, gumba amelitenga na kanga
kama mtu aliyeungua.
Wakili akaufunika mhuri.
Kule chini mashine ilikuwa inakata bati.

Faili liko kwenye droo yangu, la pili kutoka juu.
Mnunuzi hupiga simu kila Jumatatu.
Namjibu kwa lugha ya ofisi: nyaraka hazijakamilika.
Nini kimepungua, anauliza, si kila kitu kimelipwa?
Kimelipwa, namwambia. Mihuri ipo, mashahidi wapo.
Kuna kisanduku kimoja tu hakijajazwa,
kidogo, mzee, hakizidi punje tatu za zabibu.